Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Andromeda wa Rubens na Jiwe la Upare

Miongoni mwa picha zilizohifadhiwa katika jumba la Gemäldegalerie mjini Berlin imo moja ya Peter Paul Rubens, mchoraji wa Antwerp aliyeishi kati ya mwaka 1577 na 1640. Aliichora juu ya ubao takriban mwaka 1622. Kimo chake ni kama mita moja, na upana wake hauifikii mita moja na nusu. Lakini ndani ya ubao huo mna bahari, mwamba, joka, farasi mwenye mabawa, shujaa, na msichana aliyefungwa. Msichana ni mweupe kama maziwa. Mwanga wa picha unamwangukia yeye, na ngozi yake inaurudisha mwanga huo kwa mtazamaji. Shujaa amevaa deraya na joho jekundu; mikono yake imo katika kamba, anafungua. Vitoto vyenye mabawa vinamsaidia, na vingine vinacheza na farasi. Joka limekwisha kufa.

Wachoraji wa mtindo uitwao Baroki, uliotawala Ulaya katika karne ya 17, walipenda mno dakika ya namna hii, ambapo jambo kubwa limetendeka sasa hivi na miili ya wahusika ingali inatweta. Kwa hiyo mtazamaji hupewa furaha kabla hajapewa nafasi ya kuuliza. Makala haya yanakusudia kuuliza, na kuuliza kutoka upande wetu wa dunia, hasa kutoka milima ya Upare. Sababu ni mbili. Kwanza, msichana yule kwa asili ya hadithi ni Mwafrika. Pili, katika milima ile lipo jiwe ambalo juu yake, kwa mujibu wa simulizi, walilazwa watoto. Na wapo wageni waliopanda kule wakijihesabu kuwa ndio wafunguaji wa kamba.

Kisa chenyewe ni kisasili cha Wayunani wa kale. Kefeo alikuwa mfalme wa Ethiopia, na mkewe Kasiopea alijigamba kwamba uzuri wa nyumba yake unawapita mabinti wa bahari. Mungu wa bahari akaghadhibika, akaleta gharika na joka la kuila nchi. Kahini akaulizwa, akajibu kwamba nchi haitapona mpaka Andromeda, binti wa mfalme, atolewe kwa joka hilo. Akafungwa mwambani. Ndipo alipopita Perseo angani, akitoka kumuua Medusa, akamwona, akampenda. Kabla ya kuinua upanga alikwanza kupatana na wazazi: nikimwokoa, ni wangu. Wazazi wakakubali, na ufalme wakauongeza juu yake. Joka likauawa, harusi ikafungwa.

Neno Ethiopia katika vinywa vya Wayunani na Warumi halikuwa na mipaka ya dola tunayoijua leo. Lilikuwa jina la nchi za watu weusi, kusini ya Misri na kuendelea hadi pasipojulikana. Wako waandishi wa kale waliokihamisha kisa hiki hadi Yafa, katika pwani ya Palestina. Walakini mshairi Ovid wa Roma, ambaye wachoraji wa Ulaya walimsoma kuliko wote, alikiweka Ethiopia, na katika moja ya nyaraka zake za mapenzi alimtaja Andromeda waziwazi kuwa mweusi kwa rangi ya nchi yake, na kwamba weusi huo haukumzuia Perseo kumpenda. Jambo hili halikuwa siri. Francisco Pacheco, mchoraji na mwalimu wa Sevilla aliyekuwa mkwewe Velázquez, aliligusia katika kitabu chake juu ya sanaa ya uchoraji kilichochapishwa mwaka 1649: kwa nini wachoraji humfanya Andromeda mweupe ilhali alitoka kwa watu weusi? Rubens naye alikuwa bingwa wa Kilatini. Alimjua Ovid.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mkono wake haukujua kuchora mtu mweusi. Katika makumbusho ya Brussels imo kazi yake nyingine, ya takriban miaka kumi kabla au pungufu, yenye vichwa vinne vya mtu mweusi mmoja aliyetazamwa kutoka pande mbalimbali. Ni kazi ya upole na ya macho makini: mtu huyo anacheka, anafikiri, anageuka. Basi mchoraji alimjua mtu mweusi, na aliijua asili ya Andromeda. Lakini mambo haya mawili hakuyakutanisha. Ni michoro michache tu iliyothubutu, kama ule wa Bernard Picart wa mwaka 1731 unaomwonyesha Andromeda mwenye ngozi nyeusi.

Wako watakaojibu kwamba Ovid mwenyewe alifungua mlango. Alisema kwamba Perseo alipomwona msichana kwa mbali alimdhania kuwa sanamu ya marumaru, mpaka alipoona upepo ukizichezea nywele na machozi yakitiririka. Marumaru ni nyeupe, basi wachoraji wakaishika marumaru na kuyaacha machozi. Jibu hili lina sehemu ya kweli, lakini halitoshi. Katika shairi lile Andromeda ana sauti. Perseo anamwuliza jina lake, nchi yake, na sababu ya kufungwa kwake. Msichana kwanza ananyamaza kwa haya, kisha anasema, asije akadhaniwa kwamba anaficha kosa lililo lake. Katika picha amebaki na mwili peke yake. Rangi yake imebadilishwa na ulimi wake umenyamazishwa, na mambo haya mawili yamekwenda pamoja. Aliyekuwa mtu wa nchi fulani, mwenye wazazi na mashtaka, amekuwa tuzo mikononi mwa mshindi.

Ajabu ni kwamba wazee wa kale walikwisha kuuona mchezo huu wa rangi, wakautungia hadithi. Heliodoro, mwandishi wa Kiyunani, alitunga riwaya ndefu juu ya Ethiopia. Humo malkia mweusi, Persina, anamzaa mtoto mweupe kwa kuwa, alipochukua mimba, macho yake yalikuwa yakiitazama picha ya Andromeda iliyochorwa chumbani mwake. Kwa kuogopa kushtakiwa zinaa anamtoa mtoto yule, anamwacha awe wa watu. Mtoto anakua ughaibuni, na mwishoni mwa riwaya anarudishwa nchini mwake akiwa mateka, tayari kuchinjwa kuwa sadaka mbele ya baba asiyemjua. Hapa hatokei shujaa mwenye mabawa. Wanaosimama ni wazee wenye hekima wa nchi ile ile. Wanampinga mfalme wao hadharani, na siku ile sadaka ya watu inafutwa Ethiopia nzima. Riwaya hii ilijulikana sana Ulaya wakati wa Rubens. Lakini mwisho wake, wa watu kujifungua wenyewe, haukuipata nguvu ya ile picha ya mgeni anayeshuka kutoka angani.

Nasi watu wa Bahari ya Hindi tunayo hadithi ya mgeni wa aina hiyo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika baadaye visiwa vya Maldivi, akaelezwa jinsi watu wa huko walivyosilimu. Kila mwezi, walimwambia, afriti alitoka baharini mfano wa jahazi lililojaa taa, na watu walimpelekea mwanamwali aliyeangukiwa na kura. Mgeni mmoja kutoka Maghribi, Abu al-Barakat, alikuwa amepanga nyumbani kwa bibi kizee mwenye binti mmoja tu. Kura ilipomwangukia binti yule, mgeni akaenda mahali pake, akakaa usiku kucha akisoma Kurani, na afriti akatoweka. Huyu ni Perseo wetu. Silaha yake ni kisomo, na ujira wake si mke bali ni imani ya watu. Wahenga waliufupisha ukweli wa visa hivi kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya ukarimu, tena ni njema. Lakini mwenye kuisema ni mwenyeji. Mgeni anapoisema juu ya nafsi yake, maana inageuka.

Sasa na tupande Upare. Kutoka Makanya, kwenye barabara kuu iendayo Moshi, njia huuacha uwanda wa mkonge na kupanda mlimani hadi Suji, katika wilaya ya Same. Ni nchi ya migomba na mifereji, na watu wake hujiita Vaasu na lugha yao Chasu. Waadventista kutoka Ujerumani waliingia Upare ya kusini mwaka 1903 wakaanzia Giti, na Suji nayo ikawa mojawapo ya vituo vyao. Walutheri wa Leipzig walikuwa wamekita Mbaga, katika milima hiyo hiyo. Na huko Mbaga ndiko liliko jiwe la Malameni. Wenyeji huwasimulia wageni kwamba hadi miaka ya 1930 watoto walioaminiwa kuwa wana mkosi walitolewa hapo, ili balaa isiipate nchi.

Hakuna haja ya kulifunika jiwe hili kwa kitambaa cha fahari. Mtoto aliyetolewa kwa kosa asilolitenda ni Andromeda wa kweli: nchi ina hofu, na mdogo ndiye anayelipa. Wala mtu wa pwani asilitazame jiwe la Malameni kwa dharau, akadhani kwamba haya ni mambo ya bara. Lugha yetu inatushuhudia. Kigego ni nani, kama si mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye wazee wetu walimwogopa? Na timvi je? Maneno haya hayakuletwa kutoka milimani. Yamo katika Kiswahili cha pwani, na kila neno la aina hiyo lina jiwe lake mahali fulani, hata kama jiwe lenyewe limekwisha kufunikwa na mchanga.

Wamisionari wawili waliotumika katika milima hiyo waliandika vitabu juu ya Wapare. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, alichapisha chake Leipzig mwaka 1916, akakiita *Im Banne des Geisterglaubens*. Ernst Kotz, Mwadventista aliyeifasiri Agano Jipya kwa Chasu, alichapisha chake Hamburg mwaka 1922, akakiita *Im Banne der Furcht*. Msomaji na azingatie kwamba vitabu vyote viwili vinaanza kwa neno moja. *Bann* kwa Kijerumani ni nguvu ifungayo, mfano wa uganga unaomshika mtu asiweze kujinasua. Kwa mmoja, Wapare wamefungwa na imani ya mizimu; kwa mwingine, wamefungwa na hofu. Kabla msomaji wa Leipzig au Hamburg hajafungua ukurasa wa kwanza, amekwisha kuonyeshwa mwamba, kamba, na mtu aliyefungwa. Aliyebaki kuingia ni shujaa, na shujaa ndiye mwandishi.

Sisemi kwamba wawili hao walikwenda Upare wakiwa na picha ya Rubens vichwani mwao. Nasema kwamba Ulaya ilikuwa imejifunza kwa karne nyingi kuitazama dunia kwa umbo lile, na umbo likishazoeleka halihitaji kukumbukwa. Wala sikusudii kuzifuta fadhila zao. Dannholz na Kotz walisikiliza kwa subira, na mambo mengi ya kale ya Wapare yangepotea lau wasingeyaandika. Kasoro iko katika umbo la hadithi, kwa kuwa umbo lile halina nafasi ya kumwonyesha aliyefungwa akisema, wala ya kuuliza joka limetoka wapi.

Na swali hili la joka ndilo linalotuhusu sisi wa visiwani na pwani zaidi ya wote. Katika kisasili joka hutoka baharini. Katika historia ya Upare nalo lilitoka upande wa bahari. Katika karne ya 19 misafara ya Pangani ilipita chini ya milima ile ikitafuta pembe na watumwa. Bunduki na nguo zikapanda, ugomvi wa watawala ukakua, na watu wakauzwa. Karibu na Mbaga yako mapango ya Mghimbi, ambamo inasimuliwa kwamba Wapare walijificha na watoto wao wakikimbia wateka watumwa. Basi katika eneo moja tuna jiwe na pango: jiwe walipotolewa watoto kwa hofu, na pango walimofichwa watoto kwa mapenzi. Vitabu vyenye majina ya kifungo vilimfundisha msomaji wa Ulaya kulitazama jiwe. Nasi tuliozaliwa upande uliotoka misafara tuna wajibu wa kulitazama pango.

Nani basi aliyefungua kamba? Simulizi lenyewe linajibu zaidi ya lilivyokusudia. Ikiwa desturi ya Malameni ilidumu hadi miaka ya 1930, basi haikukoma siku mmisionari alipoweka mguu mlimani. Ilichukua miongo mitatu. Zaidi ya hayo, Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika miaka iliyofuata, na makanisa yakabaki kwa muda mikononi mwa waumini wenyeji. Joka la desturi haliuawi kwa pigo moja la upanga. Hapana budi kulikuwa na mama aliyeliona jino la juu akanyamaza, bibi aliyelijua jambo akalisitiri, mzee wa ukoo aliyeulizwa hukumu akasema mtoto na aishi. Hao hawana joho jekundu, wala hakuna aliyewachora. Lakini bila wao hakuna kamba ambayo ingefunguka, hata wangeshuka mashujaa mia.

Kwamba Wapare walijua kujifungua wenyewe, historia ya baadaye imethibitisha mchana kweupe. Serikali ya Kiingereza ilipowatwisha kodi ya mbiru katika miaka ya 1940, maelfu walishuka kutoka milimani mwaka 1945 wakakusanyika Same kuipinga, na wanawake nao wakaandamana. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Aliyetuandikia habari hiyo ni Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyefariki mwaka 2018, ambaye kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Kimambo aliwaendea wazee, akawauliza majina ya koo zao, nchi walizotoka, na sababu za mambo yaliyowapata. Ni maswali yale yale ambayo katika shairi la Ovid Perseo alimwuliza Andromeda, na ambayo katika picha ya Rubens hayana pa kuulizwa.

Wapenzi wa ushairi hawatakosa kumkumbuka hapa Fumo Liongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913. Naye alifungwa. Hakutokea mgeni wa kumwokoa. Alimtuma kijakazi Saada kwa wimbo, amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate wa wishwa, wakamwachia. Ngoma ya gungu ilipovuma, sauti ya tupa ikamezwa na sauti ya matari, na pingu zikakatika. Katika kisa hiki aliyefungwa ndiye mwenye ulimi, na ulimi wake ndio unaoanza kuikata minyororo. Mama na kijakazi, ambao picha za mashujaa huwasahau, ndio wanaoubeba ufunguo. Pwani ilipotaka kueleza maana ya uhuru, haikumtungia mtu aliyeshuka kutoka mawinguni. Ilimtungia mshairi aliyemo gerezani.

Picha ya Rubens ni kazi ya bwana mkubwa, na uzuri wake haupungui kwa kuulizwa maswali. Mkono wa shujaa unaoshika kamba umechorwa kwa upendo wa kweli, na hakuna moyo usiofurahi kuona fundo likilegea. Lakini mtazamaji wa kwetu, awe wa Suji au wa Unguja, ana haki ya kuliondoa jicho lake kwenye deraya inayong'aa na kulipeleka kwa msichana. Na amrudishie kwanza rangi yake. Kisha amrudishie ulimi, amwulize jina, nchi, na sababu. Baada ya hapo na atazame upande wa bahari, alikotoka joka, na ajiulize jahazi zile zilikuwa za nani.